Kutu ya Bwana Takatori

Si kweli kwamba Bwana Takatori alikwangua jina la mhunzi kwenye upanga wake ili kuficha uongo. Hayo husemwa kwenye foleni ya tofu na katika bafu la mtaa, na wanaoyasema hawakuwahi kumwona akikosea hata stempu moja katika miaka thelathini na minne aliyokaa dirishani pale posta ya Osafune. Aliyekwangua ni mwingine, na jina lake ni Sonoe, mkewe.

Bi Sonoe alisoma. Alifundisha maandishi ya kale katika shule ya wasichana kule Okayama, na mumewe, aliyeishia darasa la sita, alimwita Mwalimu hata walipokuwa wawili tu mezani. Jioni Takatori aliandika mambo ya panga zake katika madaftari, kwa mwandiko uliolala chali.

“Herufi hii imevunjika mguu,” Bi Sonoe alisema akipita na chai.

“Iache ichechemee, Mwalimu. Itafika.”

Zaidi ya hapo hakuyasoma. Panga zenyewe zilikuwa tatu, lakini moyo wa mzee ulikuwa kwa ule mrefu, aliouokota kwenye dari ya ghala la mkulima. Kwenye msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, palichongwa herufi mbili za jina la mhunzi: moja ilisomeka, ya pili ilimezwa na kutu. Kwa miaka kumi na mmoja aliitafuta hiyo ya pili. Alilinganisha misuka, akawaandikia watu wa mbali, akakaa akiutazama upanga na kipande cha karatasi midomoni ili pumzi isilowanishe chuma.

“Mume wangu anakula karatasi,” Bi Sonoe aliwaambia majirani. Wakacheka, naye akacheka.

Takatori alifariki msimu wa mvua. Mwaka ulipokaribia kutimia, chama cha wapenda panga kilimwomba mjane aulete ule mrefu kwenye ukumbi wa hekalu, wamtambue mhunzi wake kwa heshima ya marehemu. Siku mbili kabla, Bi Sonoe alichomoa kijiti cha mwanzi kinachoushika mpini, akauvua kama alivyomwona mumewe akifanya. Msuka ulikuwa mweusi na wenye magamba, kama sufuria la nyumba isiyo na mwenyewe. Watu waone uchafu huu waseme nini? Alichukua msasa laini na majivu, akasugua toka chakula cha mchana hadi jua likaegemea. Msuka ukang'aa kama sindano mpya. Alijipongeza.

Ukumbini msuka ulifungwa kitambaa ili jina lisionekane, kama desturi ilivyo. Wanachama tisa walitazama bapa kwa zamu, wakaandika jina la mhunzi kwenye vikaratasi na kumpa Mzee Imazato, mwenyekiti. Saba waliandika jina moja, lile lile alilokuwa akilidhania Takatori. Kisha kitambaa kikafunguliwa.

Mzee Imazato aliufunika msuka taratibu, akainama. “Bapa zuri sana, Bi Takatori. Tunashukuru.”

Alirudi nyumbani kichwa juu. Alidhani wameishiwa maneno kwa uzuri.

Wiki ya pili, katika bafu la mtaa, akiwa ndani ya maji ya moto na taulo kichwani, alisikia wanawake wawili nyuma ya mvuke.

“Mtu anakwangua msuka kwa nini, kama hana la kuficha?”

“Mume wangu anasema jina lilikuwa bandia, akaona alifute.”

“Kumbe! Na mihuri ya posta je, nayo ilikuwa bandia?”

Wakacheka. Bi Sonoe alizama hadi kidevuni, akangoja watoke.

Nyumbani alifungua madaftari kwa mara ya kwanza. Katika la nne, herufi zikichechemea, palikuwa na maneno haya: *Kutu nyeusi ya msuka isiguswe kamwe. Ndiyo umri wa upanga na shahidi wa jina lake, ikiondolewa hairudi. Nimwambie Mwalimu, siku akiwa na nafasi.*

Mwezi uliofuata, chama kilipokutana, alikwenda tena hekaluni. Alipiga magoti, akagusisha paji la uso kwenye mkeka.

“Niliusugua mimi. Kwa msasa. Mume wangu hakuugusa.”

“Mama, inuka,” Mzee Imazato alisema. “Sisi tulidhani…”

“Najua mlichodhani. Nimekisikia nikiwa majini.”

“Na miaka yote ile hakukwambia?”

“Aliandika. Sikusoma.”

Mwanachama mmoja, muuza mikeka, alisogea kwa adabu. Herufi ya pili sasa ilikuwa imefutika kabisa pamoja na kutu yake. “Samahani, Mwalimu. Wewe ni mtu wa maandishi ya kale. Ulipokuwa ukisugua, kutu inatoka, lazima ilijitokeza kidogo kabla haijafutika. Ilikuwa herufi gani?”

Miaka ishirini na sita alifundisha herufi. Siku ya kusugua alikuwa akitazama mng'ao, si herufi.

Bi Sonoe aliinuka, akanyoosha kimono chake magotini.

“Nilikuja kusema nani aliyesugua. Nimesema. La pili msiniulize, sitajibu.”