Plastiki Juu ya Viti vya Shemeji

Mume wa dada yangu alikuwa na miswaki miwili, na mmoja haukuwa wa meno. Kila Jumamosi asubuhi aliuchovya kwenye maji ya sabuni, akasugua matundu ya hewa ya motokari yake, ncha ya ulimi ikiwa imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Bomba la uwanjani kwetu Naviundu linatoa maji pale linapojisikia, na maji ya kwanza yalikuwa ya motokari. Sisi tulioga baadaye, kama yalibaki.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya msingi ya jirani na kukaa kwao, kwa hiyo nilimtazama kwa muda wa kutosha, na kadiri nilivyomtazama ndivyo alivyozidi kuwa mdogo machoni pangu.

Motokari yenyewe ilitoka Japani, ikapitia Zambia, ikatufikia na usukani wake upande wa kulia, upande usiofaa kwa barabara zetu, kama nyingine nyingi za mji huu. Ilikuwa imechoka kabla hajaiona. Lakini wauzaji walikuwa wameviacha viti na plastiki, naye akaamua kwamba plastiki ile haitoki. Ilipopasuka alinunua nyingine nene zaidi, ile ya kufunikia meza, akaishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni, yeye ambaye hata kifungo cha shati alishonewa na mke wake. Dashibodi, ambayo huku tunaiita tabulo, aliipaka dawa ya mafuta mpaka ikawa inaturudishia jua machoni. Mwezi wa kumi, joto lilipopamba moto, plastiki ilitunasa mapajani, na tukishuka ilibidi tujibandue kama plasta. Watoto walipanda wakiwa wameshika viatu mkononi. Dada yangu akipaka nywele mafuta, alitakiwa afunge kitambaa asije akatia doa pale pa kuegemeza kichwa.

"Motokari njo uso ya muntu," alikuwa akituambia. "Bantu banaangalia ndani, banajua we ni nani."

Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya usafirishaji, upande wa migodi ya Kinsevere. Vumbi jekundu la kule alilivuta mwaka mzima na kukohoa nalo usiku, bila kujali. Vumbi hilohilo likitua juu ya tabulo, aliliendea na kitambaa kana kwamba limemtukana mama yake.

Mama yetu sisi alikaa Kipushi, mpakani na Zambia, katika nyumba aliyoachiwa na baba, ambaye alichimba shaba maisha yake yote. Ni mwanamke wa Misa ya asubuhi na kitenge kilichopigwa pasi. Kwetu mkwe wa kiume humheshimu mama wa mke wake mpaka kumwogopa: hamtazami usoni, hali naye, akikutana naye njiani anapisha. Mama naye alimrudishia shemeji heshima hiyo kwa ukamilifu. Alimwita Papa, yaani baba, na hakuwahi kusema naye isipokuwa kwa "ninyi".

Jumapili moja ya masika, jirani yake alitupigia simu: mama ana homa kali, anatapika tangu jana yake. Tukaenda watu watatu, shemeji, dada na mimi. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, midomo imekauka. Tukamnyanyua, tukamtoa taratibu hadi kwenye motokari, na hapo tukasimama, kwa sababu shemeji alikuwa bado anatandika.

Alikuwa ametandaza turubai jeusi juu ya plastiki ya kiti cha nyuma. Chini aliweka maboksi yaliyokunjuliwa, na juu yake beseni. Sasa alikuwa anabana pembe za turubai nyuma ya mikanda ili lisiteleze.

"Ngojeni. Bado sijamaliza," alisema.

Mvua ilianza kudondoka. Mama aliniegemea begani akitetemeka.

"Papa ya batoto," dada akamwambia, "mama eko anasimama mu mvua."

"Kidogo tu. Matapiko haitokake mu viti, hata ukisugua namna gani. Harufu inabakia." Kisha akakumbuka adabu, akageuza uso asimtazame mkwe wake, na maneno yake akayaambia kioo cha mlango: "Mama, mutanisamehe. Mukisikia inakuja, mushike basani karibu na kinywa. Na mikono musiweke ku mulango."

Mama aliliangalia lile turubai. Nilihisi mwili wake ukiacha kuniegemea.

"Papa," alisema kwa sauti ndogo, "ile muliweka njo ya kubebea mufu?"

"Apana, Mama, ni ya kukinga tu..."

"Basi mungoje nikufe kwanza. Leo bado."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea barabarani, mkono mmoja ukutani. Nilimkimbilia. Pikapu iliyobeba magunia ya unga kutoka mpakani ilikuwa inapita. Mama akainua mkono, ikasimama. Dereva hatukumjua. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Alisukuma vitu vyake pembeni, akapangusa kiti kilichochanika kwa kofia yake.

"Niko natapika," mama akamtahadharisha.

"Kila muntu anatapikaka, Mama. Mupande."

Mama akapanda, nami nikapanda. Dada alisimama kidogo kati ya motokari mbili, akimtazama mumewe, halafu akaenda kupanda nyuma, juu ya magunia, akajifunika turubai la magunia hayo. Njiani mama alitapika, mara ya kwanza nje ya dirisha, ya pili ndani. Dereva alisimama, akamwaga maji kutoka kwenye dumu lake, akatuuliza kama tunaweza kuendelea.

Na shemeji? Shemeji alitufuata mpaka mlango wa hospitali, peke yake, viti vyote vitupu na vikavu, taa za tahadhari zikiwaka kana kwamba ni yeye aliyembeba mgonjwa.

Mama alitundikiwa maji na kupewa dawa, akapona. Alipotoka hospitali tulimleta kwetu Naviundu kwa teksi. Kesho yake asubuhi dada yangu alichukua kisu cha kukatia mboga, akafungua motokari, akaanza kuchana plastiki. Shemeji akatoka mbio na taulo kiunoni.

"Unafanya nini? We, unafanya nini?"

Dada aliendelea. Alichana na kuvuta, na kabla hatujaona chochote, harufu ilitufikia. Kitambaa cha viti kilikuwa kimeota ukungu, mweusi hapa, wa kijani pale, wenye manyoya. Maji aliyooshea plastiki Jumamosi zote zile yalikuwa yameingia kwenye matundu ya sindano yake mwenyewe, yakakosa pa kutokea. Miaka yote ile alikuwa anamwagilia shamba.

Shemeji aligusa kiti kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akakaa kizingitini akalia. Hospitalini nilikuwa nimemwona akiwa na macho makavu kabisa.

"Angalia, shemeji," akaniambia. "Angalia vile bimenitendea."

"Nani analia?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni Papa," nikamjibu. "Viti yake bimeoza."

Mama aliomba nimwongezee sukari kwenye chai.

Shemeji alisugua kwa sabuni, kwa siki, kwa majivu, akaianika motokari milango wazi, lakini harufu haikutoka. Mwishowe aliiuza kwa mfanyabiashara mmoja ambaye alikuwa na mafua siku ya kuitazama. Msamaha hakuomba. Wazee wa ukoo wake ndio waliomlazimisha atume kitenge kwa mama, na akakituma kwa mkono wa mke wake.

Mama alikipokea. Alikishona vizuri, akakivaa Misani Kipushi siku niliyokwenda kumtembelea. Wanawake wa kwaya walimzunguka wakikishikashika, wakamuuliza kimetoka kwa nani. Nilimsikia akijibu kwamba amejinunulia mwenyewe.