Gari la Moshi Lililogeuzwa

Huku kwetu Karurumo reli haikufika, na mpaka leo haijafika. Lakini wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, kila mtu kijijini alikuwa mtaalamu wa gari la moshi, na laiti ungewasikia.

Aliyeanzisha mambo ni mama yangu. Askari walikuwa wamemchukua baba, wakampakia kwenye lori, kisha, tulivyoambiwa, akapandishwa gari la moshi kwenda kambi ya mbali. Sisi tukabaki ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki. Picha pekee ya baba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya harusi yao.

Siku za soko alikuja fundi wa picha, mzee Mwislamu wa mjini Meru, na kamera yake ya miguu mitatu. Sifa yake ilikuwa kuunganisha: anakata hiki, anabandika kile, anapiga picha upya, halafu anapaka rangi kwa brashi nyembamba. Mama alimwomba atuweke sote pamoja, sisi na baba. Fundi akatupiga picha mbele ya duka, akaazima ile ya harusi, na soko lililofuata akaja na kazi yake. Tulikuwa tumesimama kwenye stesheni tusiyoijua, kando ya gari la moshi alilolikata kwenye kalenda, na baba anachungulia dirishani, amevaa tai ambayo kwenye picha ya harusi haikuwapo.

"Semeni, jamani," alituambia. "Pahali si sawa nitarekebisha."

Si alijitakia mwenyewe! Cucu, mama yake baba, alisema moshi ni mwingi mno, mwanawe atakohoa. Jirani ambaye chombo chake kikubwa kilikuwa baiskeli alilalamika kwamba magurudumu ni machache. Mwingine alitaka behewa lipakwe kijani, mwingine akaapa kijani ni rangi ya lori la askari. Mimi nikauliza habari ya tai, nikaambiwa ninyamaze. Nayatamani makelele yale mpaka leo, na ile harufu ya rangi. Kwa muda mfupi tulisahau kabisa kwamba tulikuwa tukilindwa kwa bunduki.

Mama alikuwa akiitazama tu. Mwishowe akauliza, "Fundi, hii gari inaenda wapi?"

"Inaenda tu, mama. Si ni picha?"

"Mimi naona inatuacha. Kichwa iko kule, sisi tuko huku. Igeuze ikuje."

Fundi akakuna ndevu. "Nikiigeuza lazima nipindue filamu, na hizi namba za kichwani zitakuwa kinyume. Watu watanicheka, mama."

"Wacha wacheke. Wewe igeuze."

Fundi aliporudi, gari pichani lilikuwa linakuja. Moshi ulikuwa umepunguzwa kama cucu alivyoagiza, na namba zilikuwa kinyume kweli. Mimi niliyekuwa nimeanza shule nikamwonyesha mama kosa lile. Yeye aliitundika picha ukutani. Kila asubuhi, kabla ya kutoka kwenda kazi ya lazima, aliitazama kwanza. Niliogopa sana siku hizo. Niliogopa kwamba gari lile lingebaki likija tu, lisifike.

Baba alirudi wakati handaki lilipoanza kufukiwa, amekonda mpaka cucu akamtambua kwa sauti yake tu. Jioni ile mama aliishusha picha, akampa, akasimama kando kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa.

Baba naye akaanza. "Tai! Nani alinipa tai? Na huu moshi kidogo hivi, hata chai haiwezi kuchemka! Na hizi namba, mbona zimepinduka?" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sisi tukacheka naye.

"Na dirisha?" mama akauliza. "Ulikuwa unachungulia hivyo?"

Kicheko kikamwisha. Nilikuwa mtu mzima tayari wenzake wa kambini waliponieleza kwamba mabehewa yaliyowabeba yalikuwa yamefungwa kila upande, hata kidole kisingepenya. Jioni ile sikujua hayo. Nilimwona tu akiipangusa picha kwa kiganja, polepole, pale uso wake ulipokuwa.

"Hapo kwa dirisha fundi hakukosea, mama watoto," alisema. "Wacha ikae hivyo hivyo."