Jiwe la Bi Manjula Limezama

Kache hakuwa mtu wa kujisumbua na habari za mawe, mpaka siku jiwe la Bi Manjula lilipozama.

Mwenyewe ni wa Kilifi, na miaka mingi sasa anafanya kazi za nyumba Mji wa Kale, kwa Bi Manjula, mjane wa Kihindi. Sebuleni pana beseni la shaba, na ndani yake huelea jiwe ambalo marehemu mumewe alilileta kutoka India. Bi Manjula huliamkia kila asubuhi, akiligusisha machoni kwa heshima. Kisa chake Kache amekisikia hata kimemchosha: Rama, mungu wao, alitaka kuvuka bahari hadi Lanka amkomboe mkewe aliyetekwa; jeshi lake la nyani, na nyani Nala ndiye fundi, likatandaza miti baharini, kisha mawe yenye jina la Rama, nayo yakaelea.

"Na mkondo, Bibi?" Kache aliwahi kuuliza. "Pale Makupa, walipojenga njia ya kuvukia bahari, walijaza mawe mpaka chini. Hayo ya kuelea yalishikwa na nini?"

"Na jina," akajibiwa, maswali yakaishia hapo.

Basi jiwe likaota utelezi, na Kache na uchafu haviivi chungu kimoja. Akalisugua kwa sabuni, akalisuuza, akalirudisha. Likatoa mapovu, likaenda chini. Akalitoa, akalirudisha, likazama tena, na jina la Rama bado limeandikwa juu yake. Kumbukumbu ya mume wa watu!

Akakimbilia chumba chake cha uani, akaleta jiwe lake la kusugulia visigino, lenye vitundu kama lile, aliloliokota pwani kwao. Akalitia besenini, likaelea bila jina la yeyote. Hapo akili ikamvurugika kabisa.

Bi Manjula akatoka kuoga, akaliona jiwe likielea, asitambue kuwa ni geni, akaliinua kulipeleka machoni.

"Bibi, liwache! Nasugulia miguu hilo!"

Akamweleza yote, akangoja kufukuzwa. Bi Manjula akalitazama la mumewe kule chini, na hilo la miguu mkononi mwake, machozi yakamtoka. Kisha akapiga magoti, akamgusa Kache miguu, akapeleka vidole machoni pake mwenyewe, vile wajukuu zake wamfanyiavyo yeye kwa heshima.

Kache akaruka nyuma. Mtu mzima kumliko mamake, kumwinamia yeye!

"Bibi, umenisamehe au umenifukuza?"

"Hata mimi sijui, mwanangu," akasema Bi Manjula, bado yuko sakafuni. "Hebu ninyanyue kwanza."