Ketrina alidhani saratani imerudi, kumbe ni moyo

Saa moja na nusu asubuhi, kijijini Ruanda, wilayani Mbozi. Ketrina Nzowa (56) ameketi kando ya kichanja cha kukaushia kahawa. Vidole vinapita haraka juu ya punje, vikitoa zilizopasuka na zilizoliwa na wadudu.

"Zamani nisingekaa hapa," anasema. "Hii ilikuwa kazi ya bibi zetu. Mimi nilikuwa mchumaji."

Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa wa kwanza kushuka bondeni na wa kwanza kupanda na debe kichwani, akiimba nyimbo za kwaya. Mumewe, Andongwisye, anakumbuka kwamba aliipenda sauti yake kabla ya kumwona.

"Migomba ilikuwa katikati yetu," anasema. "Nikauliza, huyo anayeimba ni nani?"

Mwaka 2019 Ketrina aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapewa dripu za dawa mara sita jijini Dar es Salaam. Nywele zilinyonyoka, zikaota tena. Siku aliporudi, wanakwaya walimpokea barabarani.

"Nikajua yamekwisha," anasema.

Miaka mitatu baadaye pumzi ilianza kumkatika mlimani. Miguu ikavimba, akawa halali bila kuegemea mito. Hakumwambia mtu.

"Nilijua imerudi. Nikasema, wanangu sitawarudisha kwenye uchungu ule."

Aliacha kwaya, akisingizia magoti. Akaanza kugawa vitenge vyake. Binti yake, Jenista, alipopewa kile ambacho mama alikivaa siku ya harusi, aliuliza: "Mama, unaniaga?"

"Nikamweleza yote," anasema Ketrina.

Kesho yake walipanda gari kwenda hospitali jijini Mbeya. Daktari aliuliza amewahi kuugua nini. Ketrina akafungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa karatasi ya dawa alizotibiwa Dar es Salaam. Daktari aliisoma taratibu, akaagiza vipimo vya moyo na vya saratani.

Majibu yalipotoka, alisema: "Mama, saratani haijarudi. Moyo wako umedhoofika. Baadhi ya dawa za saratani huweza kuuchosha moyo, hata baada ya miaka. Na presha yako imeuongezea mzigo."

"Nikamuuliza, yaani dawa iliyoniponya ndiyo iliyoniumiza?" anasimulia Ketrina. "Akasema, ndiyo hiyo iliyokuweka hai mpaka leo ukaja kuniuliza."

Ketrina alilia hadi Jenista, aliyekuwa akisubiri nje, akadhani ni habari mbaya.

Sasa anameza vidonge kila siku na amepunguza chumvi. Katika zahanati ya jirani, muuguzi humwita azungumze na wanawake waliomaliza matibabu ya saratani. Huwaambia wasifiche uvimbe wala pumzi fupi, na kila wanapotibiwa waseme waliwahi kuugua nini.

Debe hatabeba tena. Bondeni wachumaji wanaimba, naye anatega sikio.

"Wanaanza juu mno," anasema. "Watachoka mapema."

Daktari amemruhusu kutembea, mradi asijilazimishe. Andongwisye amechonga ngazi kwa jembe kwenye mteremko wa shamba lao, na kila baada ya hatua kumi ameweka gogo la kupumzikia. Zipo ngazi arobaini na moja. Ketrina anataka kuzimaliza zote kabla ya msimu ujao, ili ukifika achume walau mti mmoja kwa mikono yake.

Mpaka jana alikuwa amefika ya kumi na tisa.

"Ya ishirini naiendea leo jioni," anasema, "jua likipoa."