Redio Yangu na Jibu la "Njema"

Kila nikiikumbuka ile redio damu inanichemka. Ilikuwa redio ya ridhaa, ya kuongea na wenzako hewani kwa kupenda tu. Niliifanyia mtihani na leseni yake ninayo. Masharti nayajua: si ya biashara, si ya kupeleka salamu za watu, na asiye na leseni haigusi nikiwa sipo. Isipokuwa uhai wa mtu ukiwa hatarini; hapo yeyote anaruhusiwa kuita msaada.

Kwetu Salale mtandao wa simu huja ukijisikia. Siku binti yetu aliposhikwa na uchungu, mimi nilikuwa ng'ambo ya mto navuna mpunga. Mtoto alipokataa kutoka, mke wangu, ambaye hana leseni, akaishika redio akamwita mdogo wangu wa Kibiti, mwenye leseni kama mimi. Boti ya injini ikapatikana. Mama na mtoto wakapona.

Baadaye nikaitwa ofisini kwa wanaosimamia leseni, niende na redio. Kuna mtu aliwarekodi akatushtaki. Ofisa akaicheza sauti mbele yangu.

"Shikamoo shemeji. Habari za huko?" aliuliza mdogo wangu.

"Marahaba. Njema tu, shemeji."

Ofisa akazima. "Umesikia? Njema. Sasa dharura iko wapi?"

"Endelea kusikiliza! Hapo mbele mke wangu anamwambia shemejiye kwamba binti yetu anatufia."

"Inatosha, mzee. Sheria ni sheria."

Nilitamani kumrukia. Mtu gani wa huku anaulizwa habari akaanza na balaa? Hata msibani tunajibu njema kwanza, ndipo tunasema aliyefariki nani. Na huyu si mgeni. Kwao Mtunda, kalelewa hivyo hivyo.

Simu yake ikalia. "Shikamoo mama. Nzuri, nzuri kabisa." Akageukia dirishani. "Bado amelazwa. Homa haijashuka. Tuombeeni."

Alipokata nikamuuliza, "Nani mgonjwa?"

"Mwanangu."

"Na habari ni nzuri kabisa?"

Aliinuka, akaitia redio yangu kabatini, akafunga kwa ufunguo. Nilimwombea mtoto wake afya, kwa dhati, nikatoka na hasira yangu.

Jirani yangu mkewe ana mimba ya miezi minane. Kila asubuhi anapita kwangu, ananiuliza habari za ofisini. Najibu njema, kisha namwambia redio bado haijarudi.