Chupa ya Maji ya Uvira

Mimi ni mtu wa nyumbani. Jirani yetu, mama mmoja Mrundi ambaye hakosi misa wala hakosi la kusema, hunitania kwamba nikizeeka nitaota mizizi kizingitini. Sibishi. Kazi yangu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, ni kuchajisha simu za watu kwa paneli ya sola iliyo juu ya bati. Inataka mtu wa kukaa tu, na kwa kukaa sijapata mpinzani.

Dirishani, chini ya paneli, ilikaa chupa ya mama.

Mdogo wangu alikwenda kuoga ziwani, kule kwetu Uvira, na ziwa halikumrudisha. Watu wa mama wana desturi yao: mwili usipopatikana, huteka maji mahali pale na kuyaweka ndani ya nyumba mpaka siku ya kumaliza matanga, ndipo humwagwa. Siku hiyo haikufika, vita vilifika kwanza. Tulikimbia, mama na chupa yake kifuani, mimi na godoro kichwani, maana hata katika kukimbia nilitaka nijue nitalala wapi.

Huku kambini maji yalianza kugeuka kijani. Ulikuja utando mwembamba ukishika plastiki kwa ndani, kisha ukanenepa. Asubuhi jua likifika dirishani, vipovu vidogo vilipanda kutoka kwenye ule ukijani, kimoja kimoja. Jioni vilikoma. Mama alipoviona mara ya kwanza aliketi chini, palepale alipokuwa amesimama.

"Iko anapumua," alisema.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kutaja matanga.

Nilijua ni nini, kwa kiwango cha mwanafunzi wa sekondari aliyependa kiti cha nyuma. Mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba baharini, na hata maziwani, kuna bakteria wasioonekana kwa macho, wanaovuna mwanga kama sisi tunavyovuna maharage, na kutoa vipovu vya hewa. Mchana wanashiba, giza likiingia wanajigawa, mmoja anakuwa wawili. Tena wana saa yao mwilini, alisema, wanajua kunakucha kabla hakujakucha. Darasa zima hakuna aliyewahi kuiona bahari, tukaandika tu. Lakini lile la saa halikunitoka. Nikiamka kabla ya jua nilihisi ile chupa inangoja, nikawa naipita nikiwa nimegeuza uso ukutani. Mtu mzima, mwenye ndevu.

Kisha macho ya mama yakaingia ukungu. Asiweze tena kuviona vipovu, akawa ananiuliza mimi.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama."

Siku za mawingu nilimjibu, "Leo amelala, mama, ni mvivu kama mimi." Alicheka. Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi.

Madaktari walipomwita Mbarara kupasuliwa macho, aliniambia jambo moja tu: "Nikirudi, nitamuangalia mwenyewe." Nami nikaogopa. Je, macho mapya yataona mtoto, au yataona maji machafu kwenye chupa kuukuu?

Nilikwenda naye, mimi ambaye Kabingo tu, hapo jirani, naiona ni safari. Mbarara nililala chini ya kitanda chake cha hospitali kama kiatu, nikililia godoro langu. Jirani tulimwachia ufunguo, simu za watu, na chupa.

Tulirudi jioni. Mama alivua miwani nyeusi ya hospitali, akaenda moja kwa moja dirishani. Chupa ilikuwa imefunikwa kitenge, juu yake rozari.

"Nilimufunika," jirani alisema kwa upole. "Kwetu marehemu habaki wazi kama wenyewe hawako. Tangu mulipoondoka, sijamugusa."

Mama alikifunua kitenge. Ukijani, kwa kukosa mwanga, ulikuwa umefifia na kuwa wa manjano, umelala chini kama uji uliopoa. Hakuna kilichopanda.

"Ni jioni, mama," nilisema. "Jioni hata mimi sipumui vizuri."

Hakucheka.

Asubuhi nilimkuta ameshaketi mbele ya chupa. Jua lilifika. Hakuna kitu. Jirani alisimama mlangoni akishika mdomo. Watu walikuja kuchukua simu zao nikawapungia mkono waende. Jua lilikuwa limeshahama kutoka ukutani kuja mezani, ndipo kipovu kimoja kikang'oka chini, kikayumba, kikapanda.

Mama aliinama mpaka pua ikagusa plastiki. Kikapanda kingine.

"Ni yeye?" aliniuliza. Kwa macho yale mapya alinitazama mimi, si chupa, na sikupata utani wowote.

"Mama, hawa wadudu wa kijani hawaishi sana. Wanazaana. Hawa unaowaona ni batoto ya batoto ya wale wa Uvira. Wale wa kwanza hawapo."

Aliigeukia chupa. Kipovu kikapanda, kikapasuka.

"Wale ba kwanza, balikufa wakati gani?"

"Zamani, mama. Kabla hata hatujafika huku."

"Na mimi nilikuwa nabeba nani?"

Aliinuka na chupa. Alifungua kifuniko, akatoka nje pole pole, akayamwaga maji kwenye udongo kando ya mlango. Mpaka tone la mwisho. Kisha akapiga yowe, yowe la mtu aliyeletewa habari sasa hivi, akaanguka pale penye unyevu.

Wanawake walitoka nyumba hadi nyumba wakikimbia. "Nani amekufa? Nani?"

"Mdogo wangu," nilisema.

Hakuna aliyeniuliza lini. Walifunga vitenge kiunoni, wakaketi chini wakamzunguka, na jirani akaenda kutafuta kuni za kupikia watu wa matanga.