Mabibo Juu ya Zege

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya Newala na ghorofa ambalo halijakwisha: vibamba vya zege vilivyomwagwa pembeni, vikakauka, vikapandishwa kupangwa juu ya kuta. Fundi alisema bado tabaka moja la zege la kumwaga juu yake, liviunganishe viwe sakafu. Chini nina duka na chumba kimoja. Juu ningemweka dada yangu wa Chiwata, mjane kama mimi. Tulishakubaliana. Nilichoka na ukimya wa nyumba ile, basi.

Dada akatangulia kuja msimu wa korosho, tukabanana chumbani, raha tupu. Yeye hawezi kukaa bure. Akaona vibamba vinapigwa na jua tu, akapanda akaanika mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kwetu palipo safi ndipo pa kuanikia. Maji yake matamu yakanywewa na zege. Alipoyaanua alifagia, akaona imetosha. Newala maji tunayabembeleza, nani angeosha kitu kinachokwenda kufunikwa?

Fundi akamwaga. Zege lilipokauka akarudi kuligonga kwa nyundo. Palipoanikwa mabibo pakalia kama debe tupu.

"Mama, hapa halijashika. Chini kulikuwa na nini?"

Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe sukari haipatani na saruji, inaizuia isigande. Ikabidi kubomoa, kukwangua, kuosha, kumwaga upya.

Mimi ni mtu wa mdomo, lakini siku ile, wallahi, sikumsema. Nilicheka na fundi. Dada hakucheka. Alikaa kizingitini akisikiliza nyundo.

"Mdogo wangu, nimekuja kukuharibia nyumba ya marehemu."

Nikamwambia aache upuuzi, nyumba ni yetu. Kesho yake akafunga kanga zake, akasema anakwenda Chiwata mara moja kuangalia kuku wake.

Sakafu sasa imeshika. Nimeigonga mwenyewe, kona hadi kona. Kitanda nimeweka, neti nimetundika. Kila jioni nampigia simu, na cha kwanza anauliza sakafu. Namwambia imara, dada, njoo. Anasema inshallah, kisha ananihadithia kuku.

Juzi nilikasirika. Nikamwambia angebaki tungeanika mabibo sote wawili mpaka dari lituangukie. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, nimeshiba. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi.